Naomba ushauri: bunduki ya W. W. Greener, niiuze dukani au mnadani?

Ndugu wanajamvi, ninaishi Uingereza na nina kibali cha polisi. Miaka sita iliyopita nilinunua dukani bunduki ya marisau ya W. W. Greener (watengenezaji bunduki wa Uingereza), yenye mitutu miwili sambamba na kitako cha mjozi, kwa pauni 2,800. Sasa duka lilelile linanipa pauni 1,100, likidai kuwa mitutu ya asili ilikatwa ikaungwa mipya, jambo ambalo hawakulitaja waliponiuzia, ingawa kweli nikiielekeza kwenye mwanga naona mstari mwembamba wa kiungo mbele ya chemba, yaani sehemu ya mtutu inapowekwa risasi. Je, pengo hilo ni faida ya kawaida ya muuzaji, au niipeleke mnadani, ambako nako hukatwa kamisheni?