Mgunga niuandike jina gani kwenye kibao? Naomba ushauri

Wakuu habari za leo. Nina kitalu kidogo cha miche hapa Nzuguni, Dodoma. Wiki iliyopita nilikata vibao 40 vya bati, nikaandika kwa rangi nyeupe: Mgunga, Acacia tortilis. Akaja mteja, kijana msomi, akacheka. "Mzee, hiyo sasa ni Vachellia tortilis."

Nimefuatilia, kumbe ni kweli. Wataalamu waligundua Acacia ya zamani si ukoo mmoja, wakaigawa. Jina lenyewe wamepewa Australia, kwa kuwa wao wana spishi zaidi ya 900 na kuzibadilisha zote ingekuwa kazi. Uamuzi ulipita kwenye kongamano la wataalamu wa mimea huko Vienna mwaka 2005, ukathibitishwa kwenye lile la Melbourne 2011. Migunga yetu ikawa Vachellia, na ule mti wa gundi ukawa Senegalia senegal. Roho iliniuma kidogo, maana kabla ya hapo mti wa mfano, yaani ule unaoshikilia jina Acacia, ulikuwa wa huku Afrika, Acacia nilotica.

Sasa shida yangu: mikataba ya upandaji miti ninayoletewa bado inasema Acacia. Nikiandika jipya, mnunuzi anadhani nimembadilishia mche. Nikiacha la zamani, wasomi wananicheka.

Niandike yote mawili? Lipi litangulie? Na yale majina ya watu walioupa mti jina, yanayowekwa mwishoni, (Forssk.) Galasso & Banfi, ni lazima kwenye kibao cha kitalu? Bati lenyewe ni upana wa kiganja.

Mgogo jirani yangu anasema niandike "mgunga" tu basi.