Tupeane uzoefu: traka za kulinda gitaa, kinanda, udi na spika dhidi ya wezi

mpigabesi_tmk

Wakuu, uzi huu ni wa wapigaji, mafundi na watunza vyombo wa bendi, kwaya na vikundi vya taarabu. Ombi ni moja: ukitaja kifaa, sema umbali, betri, mahali pa kukifungia, na kikishindwa sema kwa nini kimeshindwa.

Naanza na msingi, maana traka (vifaa vya kufuatilia chombo kilipo) ni za aina mbili na huchanganywa. Kuna kidude cha Bluetooth kama AirTag ya Apple, SmartTag2 ya Samsung au vile vya kampuni ya Chipolo. Hakina laini wala GPS. Kinatoa mawimbi ya karibu, simu ya mpita njia inayanasa, inatuma mahali ilipo, nawe unaona kwenye ramani. Mwenye simu hiyo hajui lolote. Halafu kuna traka yenye GPS na laini yake, inayotuma mahali ilipo kwa bando au meseji.

Kwa hiyo ukinunua cha Bluetooth, jiulize kwanza ni simu zipi zinazopita karibu na chombo chako. AirTag inanaswa na vifaa vya Apple tu. SmartTag2 inanaswa na Samsung Galaxy tu. Masaki au Westlands iPhone ziko nyingi. Mbagala, Ujiji au Kakamega simu nyingi ni Tecno, Infinix, Itel na Samsung, na AirTag inaweza kukaa siku nzima bila kusikika. Kwa mazingira yetu naona kidude kinachotumia mtandao wa Google wa Android kina nafasi kubwa zaidi, hata kama wewe mwenyewe ungependa iPhone.

simu_na_mitambo

Nakubaliana na mpigabesi, ila mtandao wa Google una jambo la kurekebisha. Simu ya Android ikiachwa kama ilivyotoka dukani, inachangia taarifa kwa maeneo yenye watu wengi tu: hadi simu kadhaa zikinase kidude hichohicho ndipo mahali pake paonyeshwe. Kwenye uchochoro ambako kapita mtu mmoja, hupati kitu. Ingia mipangilio ya simu, fungua sehemu ya Google, kisha Find Hub (zamani ikiitwa Find My Device), uchague mtandao wa maeneo yote. Chaguo hilo linahusu simu inayonasa, siyo simu ya mwenye mali, kwa hiyo halisaidii ukibadilisha peke yako. Bendi nzima ibadilishe, wanakwaya wote wabadilishe, na kijana wa stoo naye. Mwizi mara nyingi anakijua chombo kwa kuwa anaishi jirani, na simu zinazopita mtaani kwake ni zenu.

Kingine: vile vidude vya bei ya chini vinavyoning'inizwa kwenye funguo na kupiga kelele havina mtandao wowote nyuma yake. Vinaongea na simu yako tu, mita kumi hivi, kuta zikiwepo hata hazifiki. Jaribu kabla ya kulipa. Kisipojitokeza ndani ya Find My ya Apple au Find Hub ya Google wakati wa kukiunganisha, kirudishe.

fundi_nyuzi

Mimi niseme mahali pa kuweka, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure. Watu wanatumbukiza traka kwenye mfuko wa begi la gitaa. Begi ndilo kitu cha kwanza mwizi kutupa. Mwaka 2014 huko Milwaukee, Marekani, fidla ya Stradivarius iitwayo Lipinski iliporwa mikononi mwa mpigaji Frank Almond baada ya kupigwa shoti ya umeme. Kesi yake, yaani sanduku la kuibebea, ilikutwa imetupwa siku ileile. Fidla yenyewe ilipatikana siku tisa baadaye ndani ya sanduku la nguo kwenye dari ya nyumba. Polisi walifika huko kwa kufuata namba kwenye vipande vidogo vya karatasi vilivyorushwa na kile kifaa cha shoti, namba zilizoelekeza kwa aliyekinunua.

Kwa hiyo traka ya begi ni ya siku umesahau chombo mahali: umeacha gitaa kwenye bajaji, limebaki kwenye buti la basi. Traka ya wizi inakaa mwilini mwa chombo.

Gitaa la umeme: geuza nyuma, fungua kifuniko cha plastiki cha chumba cha swichi na vitasa vya sauti. AirTag ina kipenyo cha milimita 31.9 na unene wa 8, kwa hiyo pima nafasi kwanza. Angalia kuta za chumba. Zikiwa zimepakwa rangi nyeusi ya kupitisha umeme au kubandikwa karatasi ya shaba, mawimbi yanazimwa humo. Tumia chumba cha springi kama gitaa lina mkono wa kuyumbisha nyuzi. Funga kidude kwa sponji ili kisigongegonge wala kugusa sehemu za kusodea.

Gitaa la mbao na udi: usibandike kamwe kwenye ubao wa mbele. Gramu 11 za AirTag ukiongeza na tepu zinatosha kubadilisha sauti, na udi una ubao mwembamba zaidi. Ingiza mkono kupitia tundu, ubandike kwenye kipande kinene cha mbao kinachoshika shingo. Kwenye udi wenye tundu lililozibwa kwa nakshi, usilazimishe. Mpelekee fundi atakapofungua kwa matengenezo mengine. Gundi ya tepu hulegea kwa joto la gari lililofungwa juani, basi ongeza kipande cha velkro au kamba nyembamba.

Fidla: weka chini ya kitambaa cha kesi, basi. Mwilini hapaingiliki bila kuifungua, na haifai kuifungua kwa ajili hiyo. Saksafoni na tarumbeta vivyo hivyo, shaba inazuia mawimbi.

kinanda_cha_kwaya

Fundi, ongezea kinanda. Wengi wanaweka kwenye chumba cha betri kwa sababu chombo kinatumia adapta muda wote. Panaingia vizuri, lakini ndipo mtu anapofungua kwanza.

Chomoa umeme, laza kinanda juu ya blanketi vitufe vikiwa chini, fungua skrubu za chini. Urefu wa skrubu hutofautiana. Zipange kwenye karatasi kwa mpangilio wa matundu, maana ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa ganda. Bandika kidude kwenye plastiki ya pembeni, mbali na bodi ya umeme na mbali na spika. Usivute nyaya bapa za vitufe. Kumbuka utarudi humo kila mwaka kubadili betri, hivyo andika tarehe.

fundi_nyuzi

Betri ya AirTag ni CR2032, inakaa karibu mwaka. SmartTag2 Samsung wanasema hadi siku 500. Kwa AirTag, bonyeza mgongo wa chuma, zungusha kinyume cha saa, weka betri mpya upande wa alama ya kujumlisha ukikutazama, usikie mlio mfupi. Usiposikia, huenda betri imepakwa dawa chungu ya kuzuia watoto kumeza. Baadhi ya hizo hazigusi vizuri. Pima kwa mita: mpya ikisoma chini ya volti 3.0 usiiweke.

spika_na_mixa

Kwa spika, mixa na jenereta, GPS ya laini ina nafasi yake. Mambo yanayoharibika ni haya.

Laini: isajiliwe kwa kitambulisho na alama za vidole za kiongozi wa kikundi, siyo za kijana wa duka. Ondoa PIN kabla ya kuichomeka. Weka APN (mpangilio wa intaneti) ya mtandao wako. Laini iliyokaa miezi bila kutumika hufungwa, kwa hiyo tumia bando dogo kila mwezi na uikague.

Nywila: nyingi zinatoka na 123456. Badilisha siku hiyohiyo, maana anayejua namba ya laini anaweza kuizima kwa meseji.

Chaji: ikituma kila sekunde 10 inakwisha ndani ya siku chache. Iweke ilale, iamke ikitikiswa, itume mara moja kwa saa ikiwa imetulia.

Kubwa kuliko yote: chini ya mabati GPS haioni satelaiti. Inarudi kukadiria kwa minara ya simu, na makosa yanaweza kufika kilomita nzima mjini, zaidi ya hapo vijijini. Ndiyo maana kwenye kabati la spika ni bora kuweka vyote viwili, GPS na kidude cha Bluetooth, ndani ya mbao na mbali na sumaku. Mawimbi ya Bluetooth yanapenya mlango na dirisha hadi kwa mpita njia.

msafiri_wa_taarabu

Kwa wanaosafiri kwa ndege: CR2032 ina takriban gramu 0.1 ya lithiamu, na kikomo kwa traka inayofanya kazi ndani ya mzigo wa chini ni gramu 0.3, kwa hiyo haina shida. Traka ya GPS ya kuchaji, kikomo ni Wh (wati-saa, kipimo cha nguvu ya betri) 2.7. Yenye mAh 5000 ina kama Wh 18.5, ibebe nawe ndani ya ndege.

mpigabesi_tmk

Swali linalorudi: mwizi hataijua? Ataijua. iPhone, na Android kuanzia toleo la 6, humwonya mtu akitembea na kidude kisicho chake, na AirTag iliyo mbali na mwenyewe hulia baada ya saa 8 hadi 24. Ulinzi huo uliwekwa kwa ajili ya wanawake na wengine wanaofuatwa kwa siri, na ni haki yao. Tafadhali msing'oe spika ya kidude. Onyo la kwenye simu litabaki palepale, na ninyi ndio mtakosa mlio wa kukitafutia stoo.

Maana yake muda ni mfupi. Washirikishe wenzako mapema, nao wakione kidude kwenye simu zao. AirTag inakubali watu watano zaidi ya mwenyewe, ili simu ya kiongozi ikizimika wengine waone. Piga picha za skrini zenye saa kila mahali panapobadilika.

karani_wa_bendi

Na picha ya ramani peke yake haimtoi mtu gitaa. Andaeni leo: picha ya namba ya chombo, picha ya mikwaruzo na alama zake, risiti, na picha ya traka ikiwa imefungwa ndani. Kinanda namba iko chini, gitaa nyuma ya kichwa au kwenye bamba la shingo. Hifadhi nakala kwenye barua pepe, siyo kwenye simu moja.

Ikitokea, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, Kenya ni namba ya OB, kisha uombe askari wa kuongozana nawe, pamoja na mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Usigonge mlango peke yako, na usipige kelele za mwizi. Kidude kinaonyesha mahali kwa kukadiria, na kwenye nyumba za kupanga vyumba kumi, doa la ramani linaweza kuangukia chumba cha mtu asiye na hatia. Mkishafika pamoja na askari, ndipo upige mlio wa kidude, sauti iwaonyeshe mlango.