Hosta ya bluu inageuka kijani, wadau nisaidieni

kivuli_kingi: Habari zenu wadau, nina hosta (ule mmea wa majani mapana wa kivulini) aina ya Halcyon, niliipendea yale majani ya bluu yenye kama vumbi vumbi juu, mwanzo wa msimu ilikuwa safi kabisa ila sasa imekuwa kijani cha kawaida tu, kingo zingine zimekauka na majani yana matundu. Maji napiga kila jioni. Kuna mtu kaniambia niongeze mbolea, ni kweli au nitapoteza hela?

mdau_wa_majani: Mbolea achana nayo mkuu. Ule ubluu ni nta nyembamba iliyoko juu ya jani, chini yake kijani kama kawaida, sugua kwa kidole utaona. Jua kali linaiyeyusha na mvua inaiosha, kwa hiyo hata iliyotunzwa vizuri huwa inafifia msimu ukienda mwishoni. Ila kingo zikiungua ujue jua la mchana linaifikia. Za bluu ndo zinataka kivuli zaidi, jua la asubuhi linazitosha, za njano ndo zinataka mwanga kidogo ili rangi itoke, sasa watu wanazipanga zote chini ya mti mmoja halafu wanashangaa.

kivuli_kingi: Aisee kweli, saa tisa jua linapiga pale pale. Na matundu je?

bi_mboji: Konokono hao, pamoja na wale wasio na gamba. Toka usiku na tochi utawakuta. Ukimwagilia jioni unawaandalia meza, mwagilia asubuhi na umwage chini kwenye udongo. Punje za aini fosfeti (iron phosphate, dawa ya konokono) zinasaidia lakini ziwekwe mapema chipukizi zikianza kutoka, maana akitoboa jani likiwa bado limejikunja, likifunguka unakuta matundu kibao na hayazibiki tena. Bahati yako Halcyon ina jani nene, zenye majani laini zingebaki mishipa tu 😂

mdau_wa_majani: Nyongeza, ukitaka kuigawa subiri chipukizi za msimu ujao, na kisu kisafishe kabla ya kuhamia mmea mwingine, kuna virusi X vya hosta vinapita kwenye utomvu na havina dawa, mmea ukipata ni kung'oa tu.

jua_kali: Mimi huku joto mwaka mzima, itakubali?

bi_mboji: Ngumu ndugu yangu. Asili yake Japani, Korea na China, inataka ilale wiki kadhaa kwenye baridi, bila hivyo kila mwaka inachipua dhaifu zaidi. Kama unataka majani ya kivulini jaribu kaladiamu.