Bahari inamega ufukwe huku kwetu Tanga, halmashauri inatakiwa ifanye nini hasa?

Mwana_Diko:
Wakuu salaam. Mimi niko kusini ya Tanga mjini, njia ya Pangani, kijiji sikitaji. Kila kusi (upepo wa kusini) likikaza na bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga) likaangukia humohumo bahari inapanda inamega, minazi ya mstari wa mbele imelala yote na sasa maji yanasogelea diko letu (tunapoegesha vyombo vya uvuvi). Kuna wanaosema tuombe ukuta kama ule wa Pangani, wengine wanasema kila mwenye kiwanja apange mawe na viroba vya mchanga mbele ya kwake. Kisheria hii kazi ya nani, kijiji, halmashauri au serikali kuu? Na ukuta ndo dawa kweli? Mkutano wa kijiji unakaribia, nataka tuende na hoja.

Kusi_na_Kaskazi:
Pole sana kaka. Kabla ya ukuta ulizeni kwanza mchanga wenu unaenda wapi. Ufukwe unatembea, kusi likivuma mawimbi yanapiga mshazari yanasukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi (upepo wa kaskazini) likija linarudisha kiasi, na mito ndo inaleta mchanga mpya. Sasa watu wakichota mchanga wa kujengea mtoni na hapohapo ufukweni bahari inachukua kama kawaida ila hakuna kinachorudi. Angalia Kunduchi kule Dar, mchanga ulichimbwa mitoni miaka na miaka na hoteli ya Africana ikaliwa na bahari. Halafu wenye mahoteli wakaanza kujenga kuta za mawe zinazoingia baharini, ukijenga wewe unanasa mchanga upande wako, jirani wa upande wa pili anakosa kabisa, naye inabidi ajenge, balaa linasogea tu. Ndo maana hilo wazo la kila mtu na viroba vyake mimi nalipinga kwa nguvu zote, mtakuja kugombana ndugu kwa ndugu.

DadaSheria_Tga:
Naongezea upande wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Halmashauri inatakiwa iwe na afisa mazingira, na hata kijiji kinaweza kuwa na kamati yake ya mazingira. Pia halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa mfano kupiga marufuku uchotaji mchanga ufukweni, na hii haihitaji mabilioni, inahitaji madiwani wakubali na mtu wa kusimamia. Ukuta ni habari nyingine. Kuta za Pangani na za Dar zilipita Ofisi ya Makamu wa Rais kwa fedha za mifuko ya kimataifa ya mazingira, halmashauri peke yake haiwezi, na lazima ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira kwanza.

Wenzetu Uingereza pwani wameigawa vipandevipande na kila kipande kina uamuzi wake ulioandikwa: kulinda mstari wa pwani pale ulipo, kuusogeza mbele baharini, kuurudisha nyuma kwa mpango, au kuiacha bahari ifanye yake. Wanapanga mpaka miaka 100 mbele. Kuna vijiji vimeambiwa wazi kwamba havitalindwa, inauma, ila angalau mtu anajua asijenge. Sisi huku mtu anauziwa kiwanja leo hana habari kama bahari inakuja.

Mzee_wa_Pangani:
Wanangu, mnakijua kisiwa cha Maziwe? Kilikuwa na miti na kasa walikuwa wanataga kwa wingi. Kikatangazwa hifadhi 1975 lakini miti ilishakatwa mno, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 80 kisiwa hakipo tena, limebaki fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kwa hiyo tangazo la hifadhi peke yake halizuii kitu. Hayo majani yanayotambaa mchangani yenye maua ya zambarau msiyafyeke kwa ajili ya usafi wa ufukwe, ndiyo yanashika mchanga.

Mwana_Diko:
Shikamoo mzee, na nyote asanteni sana. Je tukipanda mikoko mbele ya diko?

Kusi_na_Kaskazi:
Kama diko liko kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi ya wazi mikoko haitashika, miche itang'olewa msimu wa kwanza tu. Pandeni kwenye vijito na midomo ya mto kwenye tope, huko ndo kwake. Na mbele ya diko angalieni pia matumbawe yenu, mwamba ukivunjwavunjwa na baruti za wavuvi haramu wimbi linafika nchi kavu na nguvu zake zote, hilo kikundi chenu cha BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi) kinaweza kulisimamia kuanzia kesho.

DadaSheria_Tga:
Kwenye mkutano hakikisheni ombi linaingia kwenye muhtasari, liende kamati ya maendeleo ya kata, diwani alipeleke baraza la madiwani. Ombeni mambo mawili tu: sheria ndogo ya mchanga, na afisa mazingira aje apime aweke alama za mita 60. Piga picha kila bamvua ukisimama palepale pamoja na mara ya kwanza, andika na tarehe.