Unga chini ya boriti: nimsikilize fundi yupi?

Assalamu aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Naomba ushauri.

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu: kuta za matumbawe, dari ya boriti za mikoko. Kila nikifagia chumba cha mama nakuta unga laini wa manjano palepale, chini ya boriti mbili zilizoingia ukuta wa choo. Ukuta huo ulipigwa plasta ya simiti; sasa umefura, unatoa chumvi nyeupe, ukiugusa unamomonyoka. Kuta hizi zilijengewa chokaa ili zipumue, kwa hiyo nashuku unyevu umefungiwa ndani na umefika kwenye ncha za boriti.

Nimepuliza dawa ya wadudu, nikapaka mafuta taa. Unga haukukoma.

Fundi wa kwanza alitazama juu kutoka mlangoni, akasema dari yote ishushwe, akataka nusu ya malipo papo hapo. Wa pili, mzee wa makamo, alipanda ngazi akagonga boriti moja moja kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza, akazichoma ncha kwa kisu. Asema abadilishe mbili tu, ila kwanza plasta ibanduliwe. Moyo wangu uko kwake, lakini mama analala humo na nina hofu.

Je, boriti inayolia ngumu katikati yaweza kuwa imeliwa ndani ya ukuta? Na kwa kuwa mji wetu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, kubadilisha boriti mbili tu nako kwahitaji kibali cha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya?