Naomba ushauri: nashukuruje wakati moyo umekauka?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimekwama, naomba mnishike mkono.

Ni mama wa watoto wawili, naishi Mbeya. Mwezi wa tatu mume wangu alipunguzwa kazini, na tangu hapo tunategemea genge langu la nyanya na vitunguu. Kodi ya miezi miwili tunadaiwa. Kila nikieleza kwa waumini wenzangu naambiwa, "Shukuruni kwa kila jambo," 1 Wathesalonike 5:18. Neno nalipokea kwa moyo wote. Lakini nikipiga magoti kushukuru, yanatoka machozi tu, najiona kama namdanganya Mungu.

Nimefunga siku tatu. Nimeanza daftari la shukrani kila usiku: watoto wazima, jirani aliyetuletea debe la mahindi (Mungu ambariki mno). Linanituliza hadi asubuhi, mwenye nyumba akigonga basi, hofu inarudi yote.

Kilichonigusa zaidi ni Wafilipi 4:11. Paulo, akiwa kifungoni, anasema "nimejifunza kuwa radhi". Kumbe hata yeye alijifunza! Na Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", inaishia kwa kumwimbia Bwana.

Je, kumlilia Mungu hivi ni kukosa shukrani, au vyaweza kwenda pamoja? Na ninyi mliopitia njaa ya namna hii, mlijifunzaje kuridhika huku mkiendelea kuomba kazi, bila kujilazimisha tabasamu?