Re: Saundi kadi ya mdogo wangu imezuiliwa Dodoma, wanataka TIN na kibali

Kutoka: Dada wa Leeds

Mbukwenyi wote. Shikamooni wakubwa.

Mdogo wangu anaishi Nkuhungu, anarekodi kwaya ya mtaani kwao chumbani kwake, na sasa anataka kumrekodi bibi yetu wa Mvumi kabla sauti yake haijakwisha. Bibi anajua nyimbo za unyago na za mavuno ambazo mama mwenyewe hazijui zote. Nikamnunulia saundi kadi (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya Scarlett Solo, toleo la nne, nikaituma kwa kampuni ya vifurushi, nimelipia mpaka mlangoni.

Juzi ofisi ya mizigo imempigia simu: mzigo umezuiliwa. Wanataka TIN (namba ya mlipakodi), NIDA (kitambulisho cha taifa), invoisi inayoonyesha CIF (bei pamoja na bima na usafiri), na juu yake "kibali cha vifaa vya utangazaji". Kwenye karatasi wameandika HS 8518, code ya forodha ya aina ya bidhaa. Kila siku inayopita kuna tozo ya kuhifadhi.

Naomba msaada kwa mawili. Alipe kwa code hiyo au abishe? Na mzigo ukirudishwa huku, nimtafutie ipi nyingine, ndogo, ya bei nafuu, ambayo mtu anaweza kuibeba kwenye begi?

---

Kutoka: Mzee wa Kongwa (Toronto)

Marahaba mwanangu, pole sana.

TIN iwe ya mpokeaji, siyo yako. Wengi wanakwama hapo. Kama kijana hana, aombe kwa namba yake ya NIDA, haitozwi kitu. Invoisi iwe na bei uliyolipa kweli, usipunguze hata senti, maana wakiona bei haifanani na ya dukani wanapanga thamani yao wenyewe na hapo huna tena la kusema.

Mimi nilituma kinanda cha parokia. Hesabu nilizofanya huku na waliyoleta kule zilipishana mno. Nilikuwa nimepiga VAT 18% kwenye bei ya kinanda peke yake, wao wakapiga kwenye bei, usafiri, bima na ushuru vikiwa vimejumlishwa. Ndivyo sheria ilivyo. Kwa hiyo ukilipia usafiri ghali, unalipia kodi ya usafiri pia.

Kinanda kilifika kikiwa kizima, Mungu mkubwa. Mpaka leo kinapigwa.

---

Kutoka: Mpwapwa–Malmö

> Kwenye karatasi wameandika HS 8518

Hapo ndipo penye shida, na Mzee amepapita. 8518 ni maikrofoni, spika na vikuza sauti. Scarlett haifanyi kazi bila kompyuta: inageuza sauti kuwa namba na namba kuwa sauti, basi. Mimi ningeingiza 8471, vifaa vya kompyuta, ambako ushuru wa kuingiza Afrika Mashariki ni sifuri, unabaki VAT na tozo ndogo ndogo. Kibali cha utangazaji nacho sikielewi. Kifaa hakina Bluetooth, hakina Wi-Fi, hakirushi mawimbi yoyote. Waulizwe kwa maandishi ni kifungu gani.

Sheria ya forodha ya EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) ya 2004 inampa mtu siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya. Iko kwenye kifungu cha 229. Asibishane dirishani, aandike barua.

Halafu, Dada, Solo kwa kwaya? Solo ina tundu moja tu la maiki. Lile la pili ni la gitaa au kinanda, ukichomeka maiki hapo hupati kitu. Kwaya inataka maiki mbili kwa uchache, kwa hiyo Scarlett 2i2, yenye matundu mawili ya maiki.

---

Kutoka: Dada wa Leeds

Kaka, kwaya anairekodi sauti moja moja kisha anazipanga kwenye programu. Maiki moja ilimtosha. Naomba tubaki kwenye mzigo.

---

Kutoka: Fundi wa Kizota

Nawasalimu kutoka nyumbani. Ndugu mlioko huko mnataja vifaa kama vile umeme hauzimiki na laptopu zote ni mpya. Vijana ninaowatengenezea mitambo hapa wana laptopu za mtumba, nyingine bado na USB 2.0, ambayo kwa kawaida inatoa miliampea 500 tu. Saundi kadi inayokula zaidi ya hapo inawaka na kuzima, au sauti inakwaruza, halafu kijana anasema kadi mbovu. Muulize kwanza laptopu yake ni ipi.

Kwa bei ya chini kuna Behringer UM2 na UMC22. Ubora wa rekodi kwa zote ni biti 16, kilohezi 48. Kwa demo na mahubiri zinatosha. Tatizo ni kwa bibi: mzee anaimba taratibu, unapandisha geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) mpaka mwisho, na ule mvumo wa chini unapanda pamoja na sauti yake. Kwa kazi ya namna hiyo ningeweka UMC202HD, biti 24, matundu mawili ya maiki, na umeme wa volti 48 kwa maiki za kondensa. Na ukirekodi kwa biti 24 huna haja ya kupandisha geini kukaribia wekundu wa kipimo, unaacha nafasi juu, bibi akipaza ghafla haipasuki.

Draiva: kwenye Windows asitumie ile inayokuja na mfumo. Aweke ASIO (draiva ya sauti isiyochelewesha sana) ya kampuni husika, bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa) iwe sampuli 128. Kwa kilohezi 48 sauti inachelewa kama milisekunde 2.7, ingawa ukijumlisha kwenda na kurudi inazidi. Mwimbaji akijisikia amechelewa kwenye hedifoni anapoteza mwendo, na kosa anabebeshwa yeye.

---

Kutoka: Binti Chamwino (Bergen)

Mimi nawapinga wote kidogo, kwa heshima. Mtu anayekwenda Mvumi kumrekodi bibi hahitaji saundi kadi inayotegemea laptopu. Atakaa uani, chini ya mti, na bibi hataimba akiwa amezungukwa na waya na kioo kinachowaka. Mimi nina Zoom H4n Pro. Inatumia betri mbili za AA, ina maiki zake juu, ina matundu mawili ya XLR (ya waya za maiki) yenye volti 48, na ukifika nyumbani unaichomeka kwenye kompyuta kwa USB inakuwa saundi kadi. Kitu kimoja, kazi mbili. Ila anunue kofia ya manyoya ya maiki, maana upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe, bila hiyo utapata upepo tupu na bibi kwa mbali.

Na asirekodi ndani ya nyumba ya bati mwezi wa kwanza au wa pili. Mvua ikishuka hapo hamna tena wimbo.

Nimesoma habari ya bibi nikanyamaza muda mrefu. Wa kwangu alikuwa akiimba huku akitwanga uwele, na wanawake wengine wakipokea, kila mmoja kwa sauti yake, zote zikikaa mahali pake bila mwalimu. Dunia ilimjua Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo, kwa zeze na ilimba (marimba ya vidole) yake, akapanda majukwaa ya Ulaya. Ni haki yake. Lakini akina bibi waliopiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamekufa wengi bila mtu kubonyeza kitufe. Hapa Bergen nasikiliza mvua kila siku na sina hata dakika moja ya sauti ya bibi yangu. Dada, mkomboe huyo mdogo wako mapema.

---

Kutoka: Mzee wa Kongwa (Toronto)

Umenigusa binti. Mbukwa.

Nilikuwa nyumbani baada ya treni ya SGR (reli ya kisasa) kuanza mwaka 2024. Unatoka Dar asubuhi, unakula mlenda Dodoma mchana. Sisi tuliokulia enzi za basi la siku nzima hatukuamini. Mji umepanuka, Mtumba, mji wa serikali, imejaa wizara. Lakini ukifika dirishani na pasipoti ya nje unaulizwa viza, kwenye ardhi ulikozikwa kitovu chako. Bunge liko pale pale Dodoma, linatusikia kila mwaka kuhusu uraia pacha. Sasa sisi wa diaspora tumepewa hadhi maalum badala ya uraia huo. Nashukuru, lakini ninaisema wazi: mtoto hapewi hadhi nyumbani kwao.

---

Kutoka: Mpwapwa–Malmö

Mzee, nakubaliana na uchungu wako, ila hadhi maalum haigusi mzigo huu. Mpokeaji ni Mtanzania anayeishi Nkuhungu, ana NIDA yake. Tusimchanganye Dada.

Na Fundi, Mac haihitaji draiva kwa nyingi ya hizi. Umesema kama vile wote wana Windows.

---

Kutoka: Fundi wa Kizota

Nimeandika "kwenye Windows". Soma tena, kaka.

---

Kutoka: Dada wa Leeds

Nawashukuru. Mdogo wangu amerudi leo. TIN wameikubali. Kuhusu kibali wamesema "tutaangalia". Kuhusu code, aliyekuwa dirishani hayupo, aliyempokea amesema barua iandikwe kwa afisa ambaye yuko semina. Laptopu yake ni ya mtumba kweli, Fundi, ina USB 3.0 upande mmoja tu.

Bado nauliza: kuna mtu hapa aliyewahi kutoa saundi kadi kwa 8471 Dodoma, siyo Dar, siyo uwanja wa ndege? Nataka kuweka mfano kwenye barua.

---

Kutoka: Binti Chamwino (Bergen)

Sina jibu la code. Nakwenda nyumbani Desemba kupitia Dar na Zoom yangu naibeba. Chamwino na Mvumi si mbali. Mdogo wako akikubali, twende wote kwa bibi, faili nitamwachia yeye zote. Niandikie pembeni.

---

Kutoka: Mzee wa Kongwa (Toronto)

Binti, ukienda Desemba, begi lako lina nafasi? Nina betri na waya za XLR za kwaya ya Kongwa, hazizidi kilo mbili.